MREJESHO: Miezi minne na tyubu mbili za chunusi. Dawa inafanya kazi, ila sio kwa spidi unayoitaka wewe

TichaWaMoro

Wakuu salaam. Mi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi, hasa nyuzi za ngozi, na kila nikifungua nakuta mtu kauliza dawa gani ya chunusi inamaliza haraka, watu themanini wanataja vitu themanini, alafu aliyeuliza harudi tena kusema ilikuwaje. Sasa mi nimerudi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Umri 28, mwalimu wa sekondari, chunusi nilianza nazo kidato cha tatu na kila mtu nyumbani alisema zitaisha ukikua. Nikakua, nikapata kazi, nikaoa, zenyewe zipo tu. Mashavu yote mawili, kidevu, na zile za chini ya ngozi zinazouma ukilalia mto. Wanafunzi wananiita Ticha Stafeli. Aliyewahi kushika stafeli anaelewa, na kiukweli jina lilikaa vizuri mpaka mi mwenyewe nilicheka siku nilipolisikia, ila nilivyofika nyumbani sikucheka tena.

Nilishajaribu limao, dawa ya meno, manjano na asali, sabuni ya kaboliki, mshubiri kutoka kwa jirani, niliacha karanga mwaka mzima maana niliambiwa ndo mchawi, na kuna mzee alinishauri mkojo wa kwanza wa asubuhi, hapo sitasema nilifanya au sikufanya.

Mwaka juzi nikaenda famasi nikauziwa jeli ya benzoili peroksaidi asilimia 10. Muuzaji kaniambia paka asubuhi na jioni, basi. Mi nikaona 10 ni kubwa kuliko 5 kwa hiyo ndo kali na ndo nzuri, nikapaka uso mzima kama mtu anayepiga rangi ukuta wa darasa, mara mbili kwa siku na mchana nikipita kwenye kioo naongezea. Siku ya nne uso ukawaka kama nimesuguliwa pilipili kichaa, ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, nikaingia darasani na kofia ya jua. Nikaitupa, nikatangaza staff yote kwamba ile dawa ni feki.

Dawa haikuwa feki. Feki nilikuwa mimi.

Desemba iliyopita mke wangu alinilazimisha kwenda hospitali ya mkoa. Nikakutana na dada mmoja wa kitengo cha ngozi, sio daktari bingwa, ni wale matabibu waliosomea ngozi pale Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo kilichoanza 1992 ambacho kinapokea wanafunzi mpaka kutoka nchi nyingine za Afrika. Akaniangalia kwa taa, akaniuliza "mwalimu, ukipaka dawa unapaka wapi?" Nikamwonyesha: hapa, na hapa, na hapa penye kidonda. Akasema "hapo umeshachelewa."

Wakuu hiyo sentensi ndo sababu ya uzi huu wote. Akanieleza kwamba chunusi unayoiona leo haikuanza jana. Kitundu cha ngozi kinaanza kuziba huko ndani, seli zilizokufa zinagandana na mafuta, na inaweza kupita miezi miwili hivi kabla hujaona kitu chochote kwenye kioo. Kwa hiyo ukipaka juu ya chunusi iliyotoka unazima moto wa nyumba iliyoshaungua. Dawa inapakwa eneo zima ambalo huwa zinatoka, hata pale ngozi ilipo safi, maana unatibu zile ambazo bado hujaziona. Na ndo maana ukiacha wiki ya tatu ukisema haifanyi kazi, umeacha kabla hata foleni ya zamani haijaisha kutoka.

Akaniandikia mbili. Asubuhi ile ile benzoili niliyoitukana, ila ya kunawa, na asilimia ndogo. Nikamuuliza mbona ndogo na uso wangu ndo huu, akasema ilishapimwa toka miaka ya themanini kwamba 2.5 inakaribiana na 10 kwenye kupunguza chunusi, ila 10 inaunguza zaidi. Yani nilikuwa nalipia maumivu. Usiku adapalini asilimia 0.1. Hii ni ya ukoo wa vitamini A, kazi yake ni kuzuia vitundu visizibe.

Namna ya kupaka ndo kila kitu. Nanawa na sabuni laini, nafuta, nakaa kama dakika ishirini uso ukauke kabisa (hapo nasahihisha madaftari), nakamua dawa kiasi cha punje ya njegere. Punje MOJA kwa uso mzima. Nagusa paji, shavu, shavu, pua, kidevu, alafu nasambaza. Pembeni ya macho, puani penye kona na midomoni sigusi. Wiki mbili za kwanza usiku mmoja napaka, siku mbili napumzika. Baadae siku moja ndiyo, moja hapana. Kila usiku nimefikia wiki ya saba. Juu yake losheni ya kawaida isiyo na manukato, na siku ngozi ikilalamika losheni inatangulia ndo dawa inafuata.

Sasa ukweli ambao hauandikwi kwenye boksi. Wiki ya kwanza na ya pili hakuna kitu, kukauka tu. Wiki ya tatu mpaka ya sita ZILIONGEZEKA. Zilitoka sehemu ambazo hazijawahi kutoka tangu nizaliwe. Wiki ya tano mkuu wa shule aliniita ofisini akaniuliza kwa upole kama nina tatizo nyumbani. Niliishika ile tyubu usiku nikaitazama kama mtu anayemtazama mdeni wake. Kilichoniokoa ni kwamba yule dada alishaniambia wiki ya tano utataka kuitupa, usiitupe, nipigie. Nikapiga. Akacheka akasema endelea.

Wiki ya nane zile za chini ya ngozi zikaacha kuja. Hazikuisha, ziliacha KUJA, zile zilizokuwepo zikawa zinakufa moja moja bila mbadala. Wiki ya kumi na mbili mke wangu ndo aliona kwanza, mi nilikuwa bado nahesabu zilizobaki. Sasa hivi wiki ya kumi na saba, natoa moja au mbili kwa wiki badala ya kumi. Madoa meusi yapo bado, hayo ni kesi nyingine.

Hasara: benzoili inafuta rangi kwenye nguo. Shuka la bluu limekuwa na mabaka, taulo mbili, na kanga ya mke wangu mpya ambayo nilifutia uso bila kufikiri. Alidhani nimemwagia jiki makusudi. Taulo yangu sasa ni nyeupe, foronya nyeupe, ndoa imepona.

Maswali karibuni, ila mi sio daktari.

Kijiweni_No1

Nimewahi siti ya mbele dirishani, kahawa iko wapi

komredi_wa_Ilemela

Mkuu ungeoa mapema zisingefika huko. Chunusi ni mambo ya kubana matumizi, kila mtu anajua 😂

TichaWaMoro

@komredi nimeoa mwaka wa tatu huu na nina mtoto. Zilihudhuria harusi, zipo kwenye albamu.

komredi_wa_Ilemela

Daah basi naondoa hoja mezani

Mtaalamu_Asilia

Hapa naona mnatangaza kemikali za wazungu. Bibi zetu wa pwani walipaka liwa na manjano na ngozi zao zilikuwa kama hariri mpaka uzeeni. Chunusi ni damu chafu, inasafishwa kwa ndani. Chukua limao, kamulia asali, paka usiku, asubuhi toka nalo juani kidogo liingie vizuri. Wiki mbili tu. Hospitali ni biashara.

TichaWaMoro

Mzee wangu liwa sina ugomvi nalo, linapoza na linanukia vizuri, mke wangu analipenda. Ila hilo la limao alafu jua naomba usimshauri mtu. Nilifanya. Limao likikutana na jua juu ya ngozi linaunguza, nilibaki na alama ya kahawia shavuni miezi kadhaa, ilikuwa na umbo la mchirizi kabisa pale juisi ilipotiririkia.

Dirishani

Ticha yuko sahihi, juisi ya limao na ndimu ina vitu vinavyoamshwa na mwanga wa jua vikachoma ngozi, tunawaona hao kila msimu. Na "damu chafu" haipo wakuu. Chunusi ni homoni, mafuta, kuziba kwa kitundu, na bakteria anayeishi humo ndani pasipo na hewa. Benzoili inampelekea oksijeni, ndo inamuua, na mpaka leo hajapata ujanja wa kuizoea kama anavyozoea antibaiotiki. Nafanya kazi famasi mwaka wa tisa, nipo dirishani kama jina linavyosema. Ntakuwa napita humu.

Niongeze moja kwa Ticha: umesema mwaka juzi uliambiwa "paka asubuhi na jioni, basi". Hiyo inanikera sana kwenye kazi yetu. Dawa ya kupaka inauzwa kama nyanya, mtu anapewa tyubu bila neno. Dakika tatu za maelezo zingekuokolea miaka miwili.

mama_Tumaini

Kaka Dirishani samahani naomba msaada, mimi ni mjamzito wa wiki kama kumi na moja, chunusi zimenilipuka uso mzima kitu ambacho sijawahi, na shemeji yangu ana hiyo adapalini anasema nimsaidie kuimaliza. Naweza?

Dirishani

Hapana dada, mrudishie. Hiyo na ndugu zake wote wa vitamini A, tretinoini, adapalini, tazarotini, mjamzito hapaki. Inayoingia mwilini kwa kupaka ni kidogo ila hakuna sababu ya kubahatisha na mtoto. Na ile ya vidonge ya isotretinoini ndo kabisaa usiisogelee, hiyo inaharibu mimba inavyokua, inajulikana dunia nzima. Ukienda kliniki ya mama na mtoto waulize kuhusu asidi ya azelaiki, hiyo wajawazito wanaruhusiwa, na uzuri wake inafifisha na madoa. Kama uliwahi kuipaka hiyo ya shemeji kabla hujajua una mimba usiogope, acha tu na uwaambie kliniki.

mama_Tumaini

Nilipaka siku mbili tu. Asante sana kaka, nilikuwa nimeshaanza kutetemeka hapa, naenda Jumatatu

MtuWaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi zangu si chunusi za uso mzima, ni shingoni na kidevuni kila nikinyoa. Daktari aliniambia ni nywele zajikunja zaingia tena ndani ya ngozi, sisi wenye nywele za kipilipili ndio zatusumbua zaidi. Nikapewa hiyo hiyo adapalini na nikaambiwa niache kunyoa mpaka kwenye mzizi, nitumie mashine ibakishe kidogo. Mwezi wa tatu huu, shingo imetulia. Ila kinyozi wangu amekasirika, asema mbona wataka ndevu nusu kama mbuzi.

tanga_raha

Mi naomba kuuliza, zangu ziko kifuani, mgongoni na kwenye paji, ndogo ndogo zote zinalingana kama mbegu za ufuta na ZINAWASHA hasa nikitoka jasho. Nimepaka benzoili mwezi mzima nimeishia kuharibu fulana tano. Nilipewa na vidonge vya antibaiotiki ndo zikazidi. Shida nini?

Dirishani

Kuwasha, kulingana ukubwa, kifuani na mgongoni, na antibaiotiki imezidisha. Hapo ningemshuku fangasi wa kwenye vitundu vya nywele kabla ya chunusi. Anapenda joto na jasho, na Tanga mnavyo vyote viwili bure. Chunusi za kweli zinachanganyika, kuna vichwa vyeusi, vyeupe, vikubwa, vidogo, na kwa kawaida zinauma zaidi ya kuwasha. Nenda waangalie, ikithibitika dawa yake ni za fangasi, kuna hata shampuu ya ketokonazoli inapakwa kifuani inaachwa dakika chache inasuuzwa. Fulana ya jasho usikae nayo. Na mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji yaache kwanza, hayo peke yake yanaleta vipele vya kwenye paji, tena yana jina lake kwenye vitabu tangu 1970.

tanga_raha

Kumbe. Mi nasuka na napaka mafuta ya mgando kila siku kichwani ndo nalalia. Ngoja niende

NipoColumbus

Ticha umenikumbusha mbali. Huku Ohio adapalini iko kwenye rafu tu karibu na dawa za meno, toka 2016 haihitaji cheti cha daktari. Nilidhani kwa kuwa iko wazi basi ni kitu chepesi, nikampelekea mdogo wangu Dar tyubu tatu kwenye begi bila maelezo, akapaka kila siku mara mbili na kwenda nayo ufukweni Kigamboni. Aliniblok wiki mbili.

Swali langu ni sanskrini, krimu za kukinga jua. Huku za bei nafuu nyingi zinaniacha na uso wa majivu kama nimetoka kusaga unga. Nyie mnatumia nini? Na kweli sisi weusi tunahitaji?

Dirishani

Kuungua jua tunachelewa kuliko wao, hilo kweli. Ila kwenye chunusi sanskrini yetu sio ya kuzuia kuungua, ni ya MADOA. Chunusi ikipona kwenye ngozi nyeusi inaacha rangi, na jua linaikoleza ile rangi, tena hizi dawa zinaifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na jua. Doa ambalo lingeondoka miezi mitatu linakaa mwaka. Hizo za majivu ni zenye zinki na titani nyingi, tafuta zenye rangi ya ngozi au za jeli. Usipopata, kofia pana na kivuli. Hapa kwetu wapo wanaotengeneza nzuri sana pale KCMC Moshi lakini hiyo ni kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwao sio urembo, ni uhai, msiende kuwanyang'anya.

Chausiku_Mdogo

Samahani wakuu mi naona mnajitesa tu miezi minne yote hiyo. Shoga yangu alinipa kikrimu cha tyubu, siku TATU chunusi zimelala kabisa na uso umeng'aa kama taa ya gari. Natumia mwaka wa pili sasa. Shida ndogo tu ni kwamba nikiacha hata siku nne zinarudi mara mbili na uso unawaka, ndo nimezoea sikiachi. Na siku hizi mishipa myekundu inaonekana mashavuni na vinywele vimeanza kuota. Ila inafanya kazi

Dirishani

Dada yangu naomba uichukue hiyo tyubu sasa hivi usome maandishi madogo, yameandikwa nini?

Chausiku_Mdogo

Betamethazoni, klotrimazoli, jentamaisini

Dirishani

Nilijua. Ngoja niandike kwa urefu na wengine wasome maana huyu hayuko peke yake, kwa siku nawauzia, au nawakatalia, watu wa namna hii zaidi ya wenye chunusi za kawaida.

Hiyo ya kwanza ni steroidi kali. Kazi yake ni kuzima uvimbe, na chunusi ni uvimbe, kwa hiyo siku tatu lazima zilale, hata upele wa mbwa ungelala. Ngozi inakuwa nyeupe kwa sababu mishipa inabanwa na rangi inazimwa. Alafu kwa miezi inaichuna ngozi kwa ndani, inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, ndo maana unaona mishipa. Vinywele ni yenyewe. Na baadae inaleta chunusi zake yenyewe, zinalingana zote kama zimepigwa mhuri. Ukiacha ghafla ngozi inalipuka, unadhani ni chunusi zako za zamani zimerudi, unakimbilia tyubu, na tyubu inakutuliza. Umeona duara? Aliyekuchoma ndo unamuita akupoze.

Hiyo mi sikushauri uiache leo ghafla peke yako baada ya miaka miwili. Nenda kwa mtu wa ngozi, ukiwa nayo mkononi, usione aibu. Wengine wanashushwa taratibu kwenda steroidi dhaifu, wengine wanasimamishwa na kupewa dawa nyingine za kuituliza, inategemea anavyokuona. Na adapalini ya Ticha usiiguse kwanza, kwenye ngozi hiyo utalia.

Watu wanadhani mkorogo ni ile tu ya kwenye ndoo yenye zebaki na haidrokwinoni ambayo imepigwa marufuku. Hii ya tyubu ina namba ya usajili, imetengenezwa kiwandani, inatibu fangasi na magonjwa fulani kwa wiki moja au mbili, ndo maana inapita. Toka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, wale wa viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa, na hii ni DAWA. Ikiuzwa kwenye duka la vipodozi pembeni ya wanja na rangi za kucha, hapo ndo pameharibika.

Chausiku_Mdogo

Mbona unanitisha. Hata harusi ya dada yangu ni mwezi wa saba

mama_Tumaini

Mdogo wangu nenda tu. Uso ni wako, harusi ni ya dada yako.

Kamanda_Uyole

Naomba kuchomekea swali. Nina tretinoini na benzoili, napaka zote usiku kwa mpigo nisipoteze muda. Sawa?

Dirishani

Tretinoini za kawaida zikikutana na benzoili zinavunjwa nguvu, unakuwa umepaka hewa ya bei ghali. Moja asubuhi moja usiku. Adapalini yenyewe inavumilia, ndo maana kuna jeli zenye vyote viwili kwenye tyubu moja. Na kama kuna mwenye klindamaisini ya kupaka, ile antibaiotiki, asiitumie peke yake miezi na miezi, bakteria wanaizoea, iambatane na benzoili.

Benzoili pia msiiache kwenye joto. 2024 maabara moja Marekani ilipiga kelele kwamba ikikaa kwenye joto kali inaweza kutoa benzini, ambayo ni sumu ya saratani, na mwaka uliofuata mamlaka yao ikapima bidhaa karibu mia moja, nyingi zikaonekana ziko sawa na chache zikaondolewa sokoni. Sio sababu ya kuikimbia. Ni sababu ya kutoiweka juu ya dashibodi ya gari Dar saa saba mchana, na iliyopita tarehe tupa.

Kamanda_Uyole

Mi nipo Mbeya mkuu, hapa hata siagi haiyeyuki

Chausiku_Mdogo

*(wiki sita baadae)*

Habari zenu. Sijui kama uzi bado unafuatiliwa. Nilienda. Nililia siku ya kwanza maana yule daktari alinipiga picha akanionyesha mashavu kwa ukubwa, sikuwahi kuyaona hivyo. Wiki mbili za kwanza nilijifungia ndani, uso ulikuwa kama mtu aliyepikwa, nikawa natoka na mtandio mpaka machoni. Sikurudia tyubu. Mara mbili niliishika nikampa mama aifiche. Sasa hivi kuwaka kumepungua sana, vipele bado vipo, nimepewa azelaiki tu na losheni. Shoga yangu aliyenipa hataki kunisikia, anasema nimekuwa mlokole wa ngozi.

Kwenye harusi nitakuwa hivi hivi. Dada kasema picha za familia nisimame popote nitakapo.

Dirishani

Hongera sana mdogo wangu. Mwambie shoga dirisha langu liko wazi.

TichaWaMoro

Chausiku umefanya kitu kigumu kuliko changu mara kumi. Mi nilikuwa nasubiri tu.

Mrejesho wangu mfupi: wiki ya ishirini na tatu. Wiki mbili zilizopita niliona nimepona nikaacha adapalini, zikaanza kunyemelea kidevuni, nimerudi usiku mbili kwa wiki na zimenyamaza. Yule dada kasema hii ni kama kufagia uwanja, majani ya mwembe hayatoi taarifa kwamba yamemaliza kudondoka. Madoa ya kulia yamefifia, ya kushoto bado, upande wa kushoto ndo napigwa jua nikifundisha darasa la dirishani.

Kijiweni_No1

Ticha na lile jina la Stafeli je limeisha?

TichaWaMoro

Wapi bwana. Fomu wani walioingia mwaka huu wananiita hivyo hivyo na hata hawajui lilitokea wapi. Juzi mmoja kaniuliza kwa adabu kabisa, eti mwalimu kwenu mnalima?